Nilivyoisafisha Imeili ya Maskati

Jumatatu, 15 Novemba 1999

Mimi ni mtu wa bahati. Sijisifu, natoa habari tu. Wenzangu bahati huwajia mara moja kwa mwaka, tena ikiwa imechoka. Yangu mimi hunifuata hadi msalani. Leo Mzee Sheikhan, mwenye duka letu la kanga hapa Biashara Street, amewatazama watu wake wote, akanichagua mimi, Chirau, niwe mkuu wa kompyuta.

Imewekwa nyuma, baina ya marobota na birika la chai. Imefunikwa kanga isiingie vumbi. Ukitaka kuitumia, inapiga simu yenyewe. Inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu inatulia, ndipo imeili zinaingia. Mji wa Kale wote una watu ng'ambo. Watu hao wakituma neno, hushukia dukani kwetu, na kuanzia leo mshushaji ni mimi.

Kanze amenuna. Kanze nauza naye kanga. Kidato cha nne amemaliza na kupiga chapa anajua, basi akadhani kazi ni yake. Nimemweleza kwamba darasa ni kitu kimoja na dunia ni kitu chengine, na mimi dunia naijua, nimefanya kazi melini. Akaniuliza kwa upole ni meli gani, ni ile iliyoletwa Kilindini kutengenezwa nikaosha sufuria zake? Wivu ni maradhi.

Mchana imeingia imeili ya kwanza, nayo ni nzito. Inatoka kwa Saif, aliye Maskati. Binti yake Ruweida anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Saif hawezi kuja, kwa hivyo lazima atoe idhini kwa maandishi na ataje wakili wa kumwozesha. Bila ya neno lake hakuna nikaha. Na bwana harusi amepata kazi Dubai, anaondoka karibuni, kurudi kwake ni baada ya miaka miwili. Ikipita Ijumaa, imepita.

Ruweida amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni na buibui lake. Akasema, Kaka Chirau, tafadhali, ifike salama. Nimemwambia alale usingizi. Mikononi mwangu hata yai halivunjiki.

Mzee Sheikhan ameniagiza niitume imeili kwa ndugu wa Bi Tumu, afisini kwake bandarini. Bi Tumu wa Tudor ndiye mama wa bwana harusi. Kisha nitoe nakala ya karatasi kwa Bi Mwanakhamis, mamake Saif, aliyemlea Ruweida tangu mtoto anyonya. Akasema niitume vivyo hivyo ilivyo.

Vivyo hivyo ilivyo. Mzee ni mtu mwema lakini hajatembea.

Jumanne, 16 Novemba

Nimeitoa yote kwenye karatasi niitazame vizuri. Laa ilaha illallah. Ni takataka tupu. Saif hakuwa na anwani yetu, basi akaituma kwa binamu yake Toronto, binamu akaituma kwa shemeji Dubai, shemeji akaituma kwetu. Kila ilipopita imeokota uchafu. Pembeni kila mstari una mishale, mishale juu ya mishale, kama vita. Juu kuna anwani za watu nisiowajua zimepangana kama chupi kwenye kamba. Halafu binamu ametia maneno yake, shemeji ametia yake.

Kisha salamu. Sijaona salamu kama zile. Nisalimie fulani, mkono wake naubusu, nisalimie fulani na watoto wake, na jirani wa nyumba ya pili, na yule muuza maji kama yu hai. Katikati kuna habari za mti wa maua. Mtu anamwoza binti yake, anauliza mti! Jambo lenyewe liko chini kabisa, ukurasa wa pili, limejificha kama mwizi.

Huwezi kuwapelekea wakwe kitu kama hicho. Ni sawa na kumkaribisha mgeni nyumba haijafagiwa. Na Ulaya, nimesikia kwa watu waliofika, mtu akiandika imeili haulizi hali. Anasema jambo, anaondoka.

Basi nikachukua kalamu, nikafyeka. Mishale nje. Anwani nje. Binamu na shemeji nje. Salamu zote nje, mti nje. Nikarudi kwenye kompyuta nikaipiga upya. Imebaki hivi: Mimi Saif nimeridhia binti yangu Ruweida aolewe. Mahari ni kama mlivyokubaliana. Wakili wangu ni Mzee Sheikhan. Saif, Maskati.

Inang'aa kama sahani ya Idi. Nikaituma bandarini. Nikatoa nakala ya Bi Mwanakhamis, nikampelekea mpaka kwake Kibokoni. Ile ya asili nikaifuta kwenye kompyuta, chombo kibaki kisafi.

Kanze akauliza nimekata nini. Nikamwambia takataka. Akasema takataka ya nani? Hilo si swali la mtu aliyemaliza kidato cha nne.

Jumatano, 17 Novemba

Mambo si mazuri.

Asubuhi limekuja rikwama mlangoni. Limebeba lile robota la kanga za sare, zile walizoagiza wanawake wa nyumba ya Bi Mwanakhamis wavae siku ya kesha. Zimerudishwa. Jefwa, hamali wetu, alipomuuliza mwenye rikwama kuna nini, akajibu kwamba hakuna harusi.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya alasiri Bi Mwanakhamis aliketi akavaa miwani, ingawa hasomi, akasomewa ile karatasi. Ilipokwisha akauliza, na mimi? Msomaji akageuza karatasi. Nyuma kweupe. Akauliza tena, na mimi, hakunisalimu? Akavua miwani. Akasema mwanawe hajapata kuandika neno toka aende Arabuni bila ya kumbusu mkono kwanza. Ama amekasirika naye, ama amefundishwa na watu. Na mama asiyesalimiwa hana haja ya kujua nani anaoa wala nani anaolewa. Harusi isitiwe mguu nyumbani mwake.

Tudor nako. Bi Tumu amesomewa na ndugu yake. Amesema hiyo si barua ya ukwe, hiyo ni barua ya mtu anayeagiza kitanda kwa seremala. Ati wao wa Mji wa Kale wanawaona watu wa Tudor hawafai hata kuulizwa hali.

Saa nne Bi Tumu ameingia dukani mwenyewe. Uso umefungwa kama duka siku ya Ijumaa. Akapitisha macho kwenye kanga zote, kisha akaonyesha moja kwa kidole. Imeandikwa: SALAMU SI CHAKULA, MWATUNYIMIA NINI. Nikamfungia vizuri, nikamwambia rangi imemkaa. Akasema si yake, ni zawadi ya Bi Mwanakhamis.

Adhuhuri amekuja mjumbe kutoka Kibokoni. Anataka kanga ya kumrudishia Bi Tumu. Akachagua: ASIYENIJUA SINA HAJA NAYE. Nayo nikamfungia. Mauzo mazuri, Mungu anisamehe.

Jioni Ruweida. Macho mekundu. Aliniuliza kama ile imeili ilikuwa na kitu chengine. Babake si mtu wa maneno manne. Nikamwambia mitambo, dada, mitambo ya Maskati wakati mwingine humeza maneno. Akasema, Kaka Chirau, mie sina mama. Nina nyanya yangu. Asiponipa radhi zake sitaolewa, na huyo bwana ataondoka zake.

Nimeshindwa kula leo. Nimekula viazi tu. Na mkate.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimepata dawa. Wamekosa salamu, watapewa salamu.

Nimemfuata muuza kahawa pale barazani, yeye anajua kila nyumba. Nikamwambia anitajie watu wa nyumba ya Kibokoni na watu wa nyumba ya Tudor. Akanitajia huku akigonga vikombe. Mimi nimeandika kwenye pakiti ya sigara, kisha nyuma ya mkono.

Nikarudi kwenye kompyuta nikaandika imeili ya pili ya Saif. Nimesema samahani, ya kwanza niliandika kwa haraka. Kisha nimezimwaga. Nisalimie Bi Mwanakhamis sana. Nisalimie Bi Tumu sana sana. Nisalimie mume wa Bi Tumu, mwambie tutaonana inshallah. Nimesalimu watoto, majirani, imamu. Nimemsalimu na Chirau wa Biashara Street, kijana hodari. Hapo sikujizuia.

Hata mishale nimeitia, michache, ionekane imesafiri.

Kanze alikuja kuchukua birika akasoma juu ya bega langu. Akasema, Chirau wee, unachimba shimo na hapo hapo unalala ndani. Nikamwambia hajui mapenzi ya watu. Mimi sifanyi kwa faida yangu. Yule msichana akilia mimi silali, na hiyo ni kweli, Mungu ananiona.

Mzee Sheikhan ameuliza imeingia saa ngapi. Nimesema asubuhi. Amesema ajabu, maana amejaribu kupiga simu Maskati na mwenye nyumba ya Saif akamwambia Saif yuko jangwani kwenye visima vya mafuta, hana simu wala barua mpaka mwisho wa mwezi. Nimesema jangwani siku hizi kuna mambo mengi.

Nimetoka jasho mpaka soksi.

Ijumaa, 19 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Imesomwa Kibokoni baada ya chai. Ilipofika "nisalimie Bi Mwanakhamis" bibi akainua mkono. Akasema msomaji arudie. Akarudia. Bibi akacheka kicheko ambacho, kwa walivyonihadithia, hakikuwa cha furaha. Aniita Bi Mwanakhamis? Saif? Mimi ni jirani yake? Mtoto niliyemzaa mimi ataniita kwa jina langu?

Mimi nami. Nani duniani humtaja mamake kwa jina? Nilikuwa naandika kama mimi. Nilisahau niandike kama Saif.

Tudor kumeharibika zaidi. Mume wa Bi Tumu amefariki mwaka juzi. Muuza kahawa hakuniambia. Kumbe Saif mwenyewe alileta rambirambi wakati ule, na Bi Tumu ameihifadhi. Sasa Saif huyo huyo anamwambia marehemu wataonana inshallah. Bi Tumu amesema hiyo si salamu, ni uganga.

Nyumba zote mbili zimekubaliana jambo moja, la kwanza tangu posa. Imeili ya pili imebuniwa. Na kama ya pili imebuniwa, nani ameiona ya kwanza? Baada ya sala ya Ijumaa sheikh atakayeozesha amemwambia Mzee Sheikhan kwamba yeye hamwozeshi mtoto wa watu kwa idhini ya kuokota. Ataona ile ya asili, vile ilivyotoka kwa baba, ama Ijumaa ijayo abaki nyumbani kwake anywe uji.

Kwa hivyo Jumatano ilikuwa ni shida ya bibi kununa. Leo idhini yenyewe haipo.

Mzee Sheikhan amekuja nyuma ya marobota. Chirau mwanangu, fungua ile ya asili nitoe nakala. Nimemwambia mashine imepata moto, ipumzike mpaka kesho. Akaigusa. Ilikuwa baridi. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yasije yakafurika, akaenda zake.

Nimeifuta mimi. Kwa mkono huu.

Jumamosi, 20 Novemba

Asubuhi nilipata wazo kubwa. Nitawaandikia binamu wa Toronto na shemeji wa Dubai waitume tena. Wao wanayo. Nikakaa, nikafungua, nikaanza kuandika anwani.

Anwani nilizikata. Zilikuwa ndio takataka za juu.

Nimejaribu kukumbuka. Nimeandika kwa binamu, toronto. Imerudi papo hapo na Kiingereza kirefu. Nimejaribu shemeji, dubai. Imerudi vile vile. Mashine ya Ulaya inakukataa kwa adabu lakini inakukataa.

Ndipo nikakumbuka karatasi. Ile niliyoichora kwa kalamu. Niliitupa. Na taka za barabara yetu huchukuliwa na lori zikapelekwa Kibarani. Nikamwambia Kanze nakwenda kufanya jambo la kiume, asiniulize.

Kibarani kuna moshi, kunguru, na watu wanaochambua taka kwa fimbo zenye misumari. Nimevaa shati langu la Bombay. Mmoja wao, Karisa, ameniuliza natafuta nini, dhahabu? Nimesema natafuta karatasi yenye salamu. Akawaita wenziwe. Jamani njooni, huyu bwana hajasalimiwa. Wamenisalimu mmoja mmoja, kwa mikono, wameniuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya shati. Lakini wamenisaidia, sisemi uwongo. Tumegeuza mlima. Tumepata mitihani ya hesabu ya watoto wa watu, tumepata kadi ya harusi ya watu wengine, safi kabisa, yenye maua. Nilikaa chini nikaitazama. Nikataka kulia.

Narudi dukani jioni, Kanze ameziba pua. Akauliza nilikuwa wapi. Nikamweleza yote, maana sikuwa na nguvu ya kubuni. Akasema lakini wewe karatasi zetu hutupi. Wewe karatasi zetu humpelekea Nasipwondi afungie viazi karai, ili akuongezee kimoja.

Ni kweli. Kila siku. Na ile Jumanne nilimpelekea.

Nikamwuliza kwa nini hakusema asubuhi. Amejibu kwamba nilisema ni jambo la kiume.

Nasipwondi alikuwa amekwisha funga.

Jumapili, 21 Novemba

Nasipwondi Jumapili hakaangi. Huenda kanisani. Basi nimesimama nje ya kanisa lake tangu wimbo wa kwanza, mimi na kofia yangu. Nimesikiliza mahubiri yote kupitia dirishani. Yalihusu mtu aliyepewa amana akaizika. Nilihisi mhubiri amenitambua.

Alipotoka nikamdaka. Mama, zile karatasi za Jumanne. Akasema zimekwisha Jumanne hiyo hiyo, viazi vilitoka sana. Zimeliwa na Biashara Street nzima.

Halafu akasema, ila moja.

Mama huyu ametoka Bungoma, ni mtu wa kanisa, lakini amekaanga viazi chini ya ukuta wa msikiti miaka mingi. Zamani mzee mmoja alimwona anafungia kachumbari karatasi yenye jina la Mungu. Hakumgombeza. Alimwonyesha tu: karatasi yenye Bismillahi haitupwi wala haifungiwi chakula, huchomekwa mahali pa juu. Tangu hapo, kila karatasi ikipita mkononi mwake huitazama kichwa. Ikiwa na Bismillahi, huikunja akaichomeka kwenye ufa wa ukuta, juu ya jiko lake.

Saif alianza imeili yake kwa Bismillahi. Mimi, Muislamu, mtoto wa Muislamu, niliiona nikaifyeka na mishale. Mama wa Bungoma akaihifadhi.

Tumekwenda naye na nguo zake za kanisani. Akaingiza vidole ufani, akatoa barua moja ya zamani, akatoa kipande cha kalenda, akaitoa ile. Ukurasa wa kwanza. Imeingia moshi, imekuwa rangi ya chai, lakini yote ipo. Idhini ilikuwa ukurasa wa pili, imekwenda na viazi, lakini anwani za kuiomba tena zipo. Mishale ipo. Salamu zipo. Nilimbusu mkono. Akasema nimwache, watu wa kanisa wanatazama.

Nilitaka kuipeleka moja kwa moja. Lakini ilikuwa chafu mno. Imejikunja. Nikasema angalau niipige pasi, kidogo tu, ipendeze.

Pasi ilikuwa na moto. Pembe moja imeungua. Imekwenda na anwani ya Dubai yote na mwisho wa ile ya Toronto.

Jumatatu, 22 Novemba

Nimempa Mzee Sheikhan karatasi, nikamwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Akauliza pembe imefanya nini. Nikasema moto wa jikoni kwa Nasipwondi. Kanze akanusa karatasi akasema moto huu una harufu ya mvuke. Nikakiri na pasi.

Kanze ameketi kwenye kompyuta. Ameitazama ile pembe iliyoungua, akakisia, akaandika. Haikurudi. Saa sita binamu wa Toronto amejibu, kwao bado ni usiku, mtu wa watu kaamka. Imekuja nzima. Mishale, anwani, idhini, kila kitu, na sasa Toronto ameongeza na salamu zake mpya.

Mzee akanishika mkono tukaenda Kibokoni. Sheikh akaitwa. Bi Tumu akaitwa, akaja na buibui la kutokea, akakaa karibu na mlango ili akikasirika asipate tabu kuondoka. Ruweida akasoma. Mzee alimwambia asiruke hata mshale.

Alisoma Bismillahi. Alisoma: mamangu mpenzi, mkono wako naubusu na kichwa chako nakibusu. Alisoma: ule mkilua wangu wa uani, niliouiba kwa jirani nikaupanda ukanichapa, bado watoa maua? Hapo bibi akajifunika uso kwa mtandio. Ruweida akanyamaza. Bibi akasema chini ya mtandio, endelea, nani amekwambia unyamaze.

Akafika kwa Bi Tumu. Saif amesema, mpeni salamu Bi Tumu, mwambieni marehemu mumewe alinifundisha kuogelea na sitamsahau. Bi Tumu akasogea kutoka mlangoni. Akasogea tena. Jina la muuza maji likatajwa, wakasema maskini, yu hai, aambiwe. Ilipofika idhini, na wakili, na mahari, hakuna aliyesikiliza sana. Walikuwa wanauliza ule mkilua.

Sheikh akasema sauti ya mtu huyu anaijua, na ya mti wake. Ijumaa atakuja.

Bibi akaniita. Nilidhani ni kofi. Akaniuliza, wewe mwanangu ndiwe uliyezikata salamu hizi? Nikasema ndimi. Akauliza kwa nini. Nikasema nilidhani si muhimu. Akasema, mimi mtoto wangu sijamwona tangu Ruweida yuatambaa. Hizo ndizo nilizokuwa nazo. Kisha akaamrisha nipewe chai na kaimati, na nikala.

Mzee Sheikhan ametoa hukumu njiani. Salamu ni amana. Aliyebeba amana ya watu huifikisha. Basi nitazifikisha zote kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kila jina lililomo kwenye imeili. Nimeanza leo. Nimepanda ngazi, nimeshuka ngazi. Kila nyumba wananikalisha, kila nyumba wananipa kitu, na kila nyumba wanasema, ewe ndiwe Chirau wa takataka.

Muuza maji amelia. Alidhani Saif amemsahau.

Jumamosi, 27 Novemba

Nikaha imefungwa jana baada ya isha, msikitini. Mzee Sheikhan alikuwa wakili. Robota la sare lilirudi Kibokoni kabla ya Jumatano, wanawake wamevaa rangi moja, na Bi Tumu na Bi Mwanakhamis walikaa mkeka mmoja wanacheka kuhusu zile kanga walizotukanania. Ruweida kichwani alikuwa na mkilua. Ameniletea sinia ya halua yeye mwenyewe kabla ya kuondoka. Amesema, Kaka Chirau, nimekusamehe, lakini usiniandikie.

Kompyuta sasa ni ya Kanze. Mimi nimerudishwa kwenye marobota. Nimekubali. Mtu mkubwa hujua kushindwa.

Lakini jana mchana Kanze alikwenda kunywa chai, na imeingia imeili ya Jefwa, hamali wetu, kutoka kwa kakake Nairobi. Jefwa hasomi vizuri. Ingempa tabu. Mishale kila mahali. Nikasema hii si ya wakwe, ni ya ndugu kwa ndugu, na mimi sasa najua. Salamu sikugusa hata moja. Salamu zote nimeacha, hata za mbuzi. Nimepunguza tu yale yanayojirudia. Kulikuwa na neno Jumapili limetajwa mara kwa mara, Jumapili nakuja, nipokee Jumapili, usisahau Jumapili. Mtu haambiwi jambo lile lile hivyo. Nikalitoa. Nikakata moja, nikaona zimebaki nyingi, nikaendelea. Ikawa safi: nakuja, nipokee stesheni, treni ya asubuhi.

Jefwa ameomba ruhusa leo. Amevaa shati jeupe. Yuko stesheni tangu alfajiri.

Sasa ni adhuhuri. Kanze ananitazama. Sitamwambia. Nitampelekea Jefwa viazi na chai, na mkeka wa kulalia, na nitakaa naye mpaka kesho, maana si mtu wa kuachwa peke yake. Na pale anwani za kakake nilizipunguza vizuri sana, nadhani hata Kanze angependa.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Ukurasa wa Jumatatu ile ulikuwa mrefu, nilitaka kuufyeka. Nimeuacha, ila nisahihishe jambo moja. Niliandika kwamba nina bahati, na kwamba Mzee aliwatazama watu wote akanichagua mimi. Si kweli. Alimwita Kanze. Kanze alikuwa amekwenda kunywa chai.